Unga Tuliowamwagia Kuku wa Filomena

Béa,

Nina hasira. Nianze hapo, maana nikianza na salamu nitakuwa nimekudanganya kwenye mstari wa kwanza. Ni Jumamosi, saa nane mchana. Wewe umekwenda kuaga rafiki zako, baba yako amejificha nyuma ya gazeti sebuleni, na mimi nimekaa hapa jikoni na karatasi nilizochana kwenye daftari lako la zamani. Kesho asubuhi unapanda treni stesheni ya Gare du Midi kwenda Italia, na tangu Alhamisi sijakuambia neno zaidi ya "funga mlango" na "ni nguo".

Ninaandika Kiswahili cha masista, kile walichotufundisha shuleni Lubumbashi, siyo kile tunachoongea humu ndani. Hasira ikipanda nitakisahau, utanivumilia. Najua unakisoma polepole. Bon, soma polepole.

Sitakuandikia habari ya sweta wala kupiga simu ukifika. Akili ya kufanya hayo unayo, na usipoyafanya baba yako atakukumbusha mara tatu kwa siku. Ninataka tuongee juu ya Alhamisi.

Ulileta rafiki zako wanne kula chakula cha kuagana. Niliomba ruhusa kazini, nikatoka hospitali mapema, nikapika kuku wa kuoka na viazi. Nikawa naleta bakuli la viazi mezani, nikakusikia unawaeleza unakokwenda. Ukasema unakwenda Molise, mkoa ambao hata Waitalia wenyewe wanautania kwamba haupo, mahali ambapo watu bado wanajua wanachokula. Ukasema kuna bibi mmoja anapika alichopika mama yake, na mama wa mama yake, chakula cha kweli. Halafu ukacheka kidogo, ukamalizia: "Chez nous, kwetu, hatukuwa na kitu kama hicho."

Hatukuwa na kitu! Na mimi nimesimama nyuma yako na bakuli!

Nililitua lile bakuli mpaka mchuzi ukamrukia yule kijana mwenye miwani. Nikakuambia kwa Kiswahili chetu, ili wenzako wasielewe: "Basi enda. Kwenye gare mi sitakanyaga, unasikia? Sitakanyaga!" Wale watoto wa watu wakatabasamu. Walidhani ninakubariki.

Siku mbili nimekutukana kichwani. Nageuza mgonjwa kitandani, nakutukana. Nabadilisha shuka, nakutukana. Mtoto asiye na shukrani! Amesoma mpaka chuo, sasa anakwenda kuwaonyesha Wabelgiji sahani ya bibi wa mtu mwingine. Na bibi yake je? Yule aliyempa jina? Béatrice mama yangu, ambaye kwa ajili yake hata leo nikikubembeleza nakuita maman, alikuwa anatwanga sombe yake, majani ya muhogo, kila siku, na ukimletea unga wa dukani anaunusa kwanza kabla hajaupokea. Huyo hakujua anachokula?

Na lile neno lenu, authentique, eti kitu halisi! Nimelihesabu kwenye ule ukurasa wa internet uliomtengenezea Concetta, huyo unayekwenda kumfanyia kazi kule Molise. Mara kumi na moja. Mkate authentique, jibini authentique, hata ukimya wa kijiji ni authentique. Nani anagawa hilo jina? Anapanga foleni wapi mtu anayelitaka?

Bon. Leo asubuhi nilikuwa naosha masufuria yangu, bado nakutukana, na swali baya likanijia. Huyu mtoto angejulia wapi? Nani alimwonyesha? Nikakaa kwenye kiti na sufuria mkononi, na ile hasira ikageuka ikaniangalia mimi. Haijaondoka, Béa, usifikiri. Imebadilisha tu mtu.

Unakumbuka makayabu? Labda hukumbuki, ulikuwa mdogo. Ule samaki wa chumvi, mgumu kama ubao. Tulipofika hapa Jette, Brussels, nilikuwa naununua kwenye soko la Jumapili pale pale Gare du Midi, naufunga kwenye mifuko mitatu ili watu kwenye tram wasigeuke. Naulowesha kwenye beseni la bluu, nabadilisha maji mara tatu, kesho yake naupika na nyanya na vitunguu. Baba yako alikuwa anaacha hata mpira kwenye televisheni.

Mara ya nne au ya tano, Madame wa ghorofa ya pili alipanda. Hakusema kitu kibaya. Alisimama mlangoni na leso puani, akauliza kama kuna kitu kimekufa. Wiki iliyofuata msimamizi wa jengo akatuletea barua: harufu zinazosumbua wakazi. Chini kulikuwa na mahali pa saini, kuahidi haitatokea tena.

Nikasaini. Baba yako akasema, "Usisaini, ni samaki tu, wao wenyewe jibini yao inanuka miguu." Mimi nikasaini haraka haraka, na chini nikaandika merci. Nani aliniomba merci?

Tangu siku ile makayabu nilikula mtaa wa Molenbeek, kwa Mama Zaina, yule rafiki yangu wa Bujumbura tuliyejuana kwenye masomo ya Kiflamandi. Ghorofa yao nzima ilinuka vitunguu na hakuna aliyesaini karatasi. Nilikula pale, nikanawa mikono kwa limau, nikabadilisha blauzi ndipo nirudi kwako. Mama Zaina alikuwa ananicheka: "Dada, wewe unakula samaki kama mtu aliye na bwana wa pembeni."

Na bukari, ugali wetu, tulibaki nayo nyumbani, ndiyo, lakini ulikuwa unaiona vipi? Madirisha yamefungwa, pazia limevutwa, "kula haraka, nawa mikono". Ulipotimiza miaka minane ukaleta wenzako wa darasani kusherehekea, nilichukua sufuria ya bukari ikiwa ya moto nikaificha kwenye beseni la kuogea, nikavuta pazia la bafu. Nikakushika mabega: "Wakikuuliza tunakula nini, sema spaghetti." Ukasema sawa. Mtoto mmoja akaenda kukojoa, akarudi anauliza kwa nini bafu lenu linatoa moshi. Wewe ukamjibu, bila hata kuniangalia, "Mama yangu anaoga na maji ya moto sana." Nilikuona una akili. Nikakununulia kaptula mpya. Mungu wangu, nilikulipa kwa kunificha!

Lakini hilo bado siyo lenyewe. Lenyewe unalijua, na miaka kumi na miwili hatujalitaja.

Concetta alikuwa anafanya kazi chumba cha kufulia, pale hospitali. Tulikuwa tunakutana kwenye lifti ya mizigo, yeye na shuka zake, mimi na zangu. Akaniambia nyumba ya kaka yake iko tupu mwezi wa nane, kijijini kwao Molise, twende tu bure, yeye mwenyewe atakuwa likizoni kwa mama yake nyumba ya pili. "Hakuna mtu anakwenda kule," akasema. "Hakuna kitu cha kuona. Mtapumzika." Ulikuwa na miaka kumi na miwili na hujawahi kwenda likizo popote.

Watu wengine wanabeba kofia ya jua. Mimi nilibeba kilo kumi za unga wa mahindi, mwiko, na kapenta, dagaa wetu wakavu, kwenye kopo la biskuti. Baba yako akauliza kama tunakwenda vitani. Nikamjibu, "Na kule kwa bazungu ya mashamba, batatulisha nini?"

Kijiji kilikuwa juu ya kilima, nyumba za mawe, paka wengi, wazee kwenye viti vyao mbele ya milango. Hakuna foleni, hakuna mtu anayekuuzia sanamu ndogo za minara. Chini ya kilima ilipita ile barabara ya majani, pana kama uwanja wa mpira, ambayo zamani kondoo walipitishwa kutoka milimani kwenda uwanda wa chini. Wewe na baba yako mliitembea siku nzima. Mlirudi mmeungua na jua, mikono imejaa tini, na wewe unapiga kelele kwamba mmepanda mahali mkaiona bahari, mbali, na ina rangi ya kijani.

Mimi sikuiona. Njo vile, ndivyo ilivyokuwa, Béa. Wiki mbili bahari iko pale na sikuiona, kwa sababu nilikuwa ndani nimefunga madirisha, mwezi wa nane, natoka jasho mpaka machoni, napika bukari na kapenta ili majirani wasisikie harufu. Majirani gani? Jirani alikuwa mzee mmoja kiziwi na mbuzi wake.

Jumapili Filomena, mama yake Concetta, akatualika. Mwembamba, gauni jeusi, mikono mikubwa kuliko ya baba yako. Akaweka juu ya meza ubao mpana ulioimeza meza yote. Akaja na sufuria, akamimina juu ya ubao uji mzito wa mahindi, wa njano, unatoa moshi, akautandaza kwa mwiko. Mwiko, Béa! Nikajua ule mzunguko wa mkono. Juu akamwaga nyanya, soseji akazipanga katikati, na pembeni akaweka samaki wa chumvi aliyekaangwa na pilipili kavu. Hakuna sahani. Kila mtu anakula kuanzia upande wake, anasogea mpaka katikati. Chenyewe ni chakula chao cha majira ya baridi, lakini alikipika kwa joto lile kutuheshimu.

Ukaonja. Ukasimama juu ya kiti. "Maman! Maman, iyi njo bukari! Na ule samaki, njo makayabu!"

Meza yote ikakugeukia. Concetta akauliza, "Anasema nini?"

Nikakufinya paja chini ya meza. Nikasema, "Anasema ni tamu."

Filomena akauliza kitu, Concetta akanitafsiria: "Mama anataka kujua, nyinyi kwenu mnakula nini?" Alikuwa anauliza kweli, amesogeza kiti, mkono kwenye shavu. Hajawahi mtu kuniuliza vile Ulaya hii.

Nikamjibu, "Viazi. Kama Wabelgiji."

Baba yako akaangalia glasi yake. Wewe ulikaa, ukaniangalia mimi, na ule uso wako ninao mpaka leo. Alhamisi ulisema hatukuwa na kitu. Mimi nililisema kwanza, mbele ya ubao wa Filomena, na wewe umekaa pembeni yangu unasikia.

Halafu ikaja asubuhi ya kuondoka. Kilo sita za unga zilikuwa zimebaki. Kuzirudisha Brussels ni uzito, kuziacha ndani kaka yake Concetta atazikuta, ataelewa tulichokuwa tunakula mafichoni. Jua halijapanda vizuri, nikautoa mfuko, nikazunguka nyuma ya nyumba ya Filomena, nikaumwaga wote kwenye banda la kuku wake.

Filomena akatoka. Aliona udongo wote mweupe na kuku wamechanganyikiwa. Akainama, akachukua unga kwenye kiganja, akausugua na kidole gumba, akaunusa. Sawa sawa na mama yangu, Béa. Sawa sawa. Akajua ni unga mzuri wa mtu kula. Huyo mwanamke alikuwa mtoto wakati wa vita, Concetta alishaniambia walivyokula majani ya porini. Akaanza kupiga kelele. Sijui Kiitaliano, lakini nani amemwaga unga haihitaji kamusi.

Watu wakatoka. Mimi nimesimama pale na unga juu ya viatu. Na wewe ukaja na nguo zako za kulalia, ukaangalia kuku, ukaangalia viatu vyangu, ukasema kwa Kifaransa: "Ni mimi. Nilikuwa nacheza."

Filomena akakushika sikio. Concetta akatafsiri huku ameona aibu: mama anasema msichana mkubwa hivi anayechezea unga, hakuna aliyemlea.

Na mimi nikasema nini? Unakumbuka nilisema nini. Nilisema, "Béa, omba samahani."

Ukaomba. Kwa Kiitaliano ulichojifunza wiki mbili. Kwenye treni ulikaa na uso dirishani mpaka giza, baba yako anakupa tini, unakataa, na hatukuongea tena juu yake. Niliona tumelimaliza. Kumbe nilikuwa nimekufundisha somo moja zima: chetu kinamwagwa alfajiri, cha wengine kinawekwa mezani.

Ndiyo maana sikuelewa kwa nini Concetta alipostaafu akarudi kwao kufungua vyumba vya wageni, na akakuita, wewe hukusita hata siku moja. Nilidhani unanikimbia. Sasa nafikiri labda unarudi kumalizia ile karamu niliyokufinya paja. Sijui. Utaniambia wewe.

Nikuambie kimoja zaidi, ili uelewe hasira hii ina miguu mingapi. Mwaka jana Madame wa ghorofa ya pili alirudi likizo. Italia, kama wote. Akanikuta kwenye lifti, amebadilika rangi ya jua, anafurahi, akanishika mkono: "Ah, madame, nimekula samaki mmoja wa chumvi kule, baccalà, lazima siku moja uuonje!" Lazima niuonje! Mimi! Ule ule, Béa, kutoka bahari ile ile, chumvi ile ile! Na mimi nikasema nini? Nikasema merci. Nilipanda juu nikapiga kabati teke, ndiyo maana ule mlango haufungi vizuri, siyo unyevu kama nilivyowaambia.

Donc, unakwenda. Sikukatazi tena. Wageni watakuja na simu zao, watapiga picha mikono ya Filomena, watasema wamegundua kitu. Walishe. Ni kazi nzuri, kulisha watu. Mimi nimelisha watu kwa kijiko miaka yote hii na sijaona aibu hata siku moja, aibu niliibeba kwa chakula changu mwenyewe tu. Lakini kuna mtu mmoja ninakuomba umwangalie. Concetta aliniambia Filomena sasa hawezi kujiosha, kuna mama kutoka Romania analala pale, anamwogesha. Najua kazi ile. Ukimwona huyo mama anafunga dirisha akipika chake, lifungue. Umuulize ni nini kile, na ukae chini usikie jibu. Usimpeleke kwenye ukurasa. Kula naye tu.

Sasa nikuambie kinachoendelea hapa. Asubuhi uliuliza kwa nini bafuni kuna beseni la bluu limefunikwa, nikakuambia ni nguo. Siyo nguo. Iko jikoni sasa hivi, na nyanya na vitunguu, na pembeni maji ya bukari yanachemka. Madirisha yote nimefungua. Mlango wa ngazi pia nimefungua, nimeweka kiti usijifunge.

Madame amepanda, kama dakika kumi zilizopita. Baba yako aliinua gazeti juu zaidi. Nikamngoja mlangoni na mwiko. Akavuta pua, uso wote ukafunguka: "Oh! Baccalà!"

Nikamwambia, "Hapana, madame. Makayabu." Nikamwambia pia kwamba ni ule ule wa barua. Alisimama pale hajui aweke mikono wapi. Sikumwambia merci, na sikumkaribisha pia, leo siyo siku yake. Ameshuka polepole.

Basi ukifika mlango wa chini utasikia harufu. Usikimbilie kupanda, usiangalie nyuma kama kuna mtu. Panda kama mtu anayekwenda kwao. Utakula na mkono, utaniambia kama chumvi imezidi, na kama bado una hasira na mimi, kasirika ukiwa unakula. Kesho gare nakuja. Nilisema sitakanyaga, nimejirudi. Mikono yangu itanuka samaki na utanikumbatia hivyo hivyo, mbele ya watu wote wa soko.

Kwenye sanduku lako, chini ya viatu, nimeweka kilo mbili za unga mweupe, na mwiko wangu utaufuata tukimaliza kula. Usimpe Concetta. Mpikie Filomena kwa mkono wako, mletee kwenye ubao wake, na akiuliza ni nini, jibu kwa sauti. Halafu umwambie habari ya wale kuku. Umwambie hakuwa mtoto aliyechezea unga. Mtoto alilelewa. Aliyemwaga alikuwa mama yake, alisimama pale na unga juu ya viatu, akamwacha mtoto aombe samahani mahali pake.

Samahani, maman.

Mama yako